Mkono Mmoja

Swansea, Januari. Mvua haiulizi saa.
Mimi na Gethin tumejifungia orofa ya chini,
tunalilisha pipa la chuma hewa kidogo kidogo:
methani, agoni, na ile nyingine yenye florini
ambayo chupa yake imefungwa mnyororo ukutani
kama mbwa wa jirani.
Pampu inanyonya hadi hakuna cha kunyonya.
Nabonyeza swichi, na nyuma ya kioo kidogo
kunawaka rangi ya zambarau iliyopondwa.

Saa moja ya mwanga huo,
na juu ya kipande cha silikoni umelala utando wa kaboni
mwembamba kuliko uongo wa mtoto.

Utando? aliuliza binti yangu kwa simu. Kama wa buibui?
Kama ule wa maziwa yaliyopoa, nikamwambia,
ila huu haunyweki.
Kaboni ana mikono minne na hapendi kukaa bure.
Akiwashika wanne, kila upande, ndiyo almasi.
Akiwashika watatu, ndiyo kiini cheusi cha penseli yako.
Wetu uko katikati:
ukaidi wa almasi, ukoo wa masizi.

Florini ana mkono mmoja.
Anakuja mbio, anamng'oa haidrojeni kitini,
anamkamata kaboni na hamwachii,
wala hampi mwingine mkono, kwa kuwa hana.
Pale aliposhika, safu imekoma.
"Mkono mmoja haulei mwana," nilisema.
Gethin akataka maana, nikampa.
Akafikiri, akafuta miwani.
"Ndiyo maana mama yangu alikuwa na dada sita."

Jumatatu hatukutia florini.
Utando ukatoka mweusi, unang'aa,
mgumu hata sindano ya kupimia ikasita.
Tulifurahi. Tukazima taa.
Asubuhi tukaukuta umebanduka, umejikunja magamba
kama rangi ya mlango wa zamani.
Hakuna aliyeugusa.
Ulikuwa umebanwa na nguvu zake mwenyewe.

Alhamisi tulitia nyingi mno.
Nta. Ukucha wangu uliacha alama.
Humo ndani minyororo mifupi mifupi,
kila mmoja umefungwa ncha,
umelala kando ya mwenzake bila kujuana.

Nimeruka Jumatano. Naijua.

Jumatano ulikaa.
Si mgumu wa kusifiwa, lakini ulikaa,
kana kwamba kila hapa na pale
mtu mmoja alikuwa ameachia mkono
na wote wakapata kupumua.
Gethin alikinga mvua kwa kikombe cha chai, dirishani,
jambo ambalo kanuni zinakataza kwa herufi nyekundu,
akadondosha tone.
Likasimama kama shanga. Likatetemeka,
likatafuta pa kushika, likakosa,
likaviringika hadi ukingoni
na kuingia ndani ya mkono wa shati langu.
Baridi! Tukacheka kama watoro wa shule.

Si cha kikaango, kipande hiki.
Kikikubalika, miaka mingi ijayo,
utando kama huu utavikwa waya mdogo ndani ya mshipa wa moyo,
damu ipite bila kung'ang'ania.
Damu ya baba yangu ilishika mahali, Jumapili moja, akifunga viatu.
Hilo sikumwambia Gethin.
Nadhani alijua; alinipa kikombe, akatoka kwenda kutazama pampu
ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Wala usinitafutie fumbo hapa,
eti mgeni, eti kushika na kutoshika.
Nimechoka kuwa fumbo katika mji huu wenye mvua.
Florini ni florini.

Ila kesho Gethin anastaafu,
na leo ameninong'oneza jinsi ya kuipiga valvu ya tatu kofi
inapokwama.
Nimeandika daftarini: Jumatano, asilimia kumi na nane, umekaa.
Nikaongeza chini yake, kwa penseli:
rudia. Mara moja haitoshi.